Mbwa wangu Boerboel kashonwa kope za macho yote mawili: mbona asubuhi jicho baya, jioni safi?

#1 Kijana_wa_Uyole
Wakuu habari zenu. Mgonjwa ni Boerboel dume, miezi 16, kilo 48, tuko Uyole. Kope za chini zilikuwa zinajikunja kwa ndani, manyoya yanasugua kioo cha jicho, machozi hayakauki. Kakatwa kipande cha ngozi chini ya kila kope na kushonwa kwa nyuzi nyeusi nyembamba. Leo ni siku ya sita.

Dawa: matone ya kloramfenikoli mara nne kwa siku macho yote, usiku mafuta ya tyubu (neomaisini na polimiksini), antibayotiki ya vidonge inaendelea, vidonge vya maumivu vimekwisha jana. Koni ya shingoni ya kumzuia asijikune anavaa.

Tatizo: tangu siku ya tatu, kila asubuhi kope zimevimba na tongotongo la njano limegandisha nyuzi. Nikimsafisha, ikifika saa kumi jioni uvimbe umenywea, jicho safi, anataka kucheza. Kesho yake asubuhi tunaanza upya. Je, ndivyo kidonda kinavyopona, au kuna kitu usiku kinamrudisha nyuma? Picha mbili nimeweka, ya asubuhi na ya jioni.

#2 Nyuki_Mkali
Pole kwa mgonjwa. Ila mkuu umetangaza mtaa, umetangaza kwamba mlinzi haoni vizuri, bado kutaja rangi ya geti tu.

#3 Mfugaji_Tosamaganga
Kamwene. Hiyo ni kawaida, usihangaike. Mchana mbwa anapepesa kope, kila akipepesa anasukuma machozi na uchafu kuelekea kona ya ndani, unashuka puani. Akilala kazi hiyo inasimama. Unachokiona asubuhi ni mkusanyiko wa usiku mzima, pamoja na mafuta ya tyubu yaliyoyeyuka na kuganda tena kwenye nyuzi. Mafuta yenyewe yana rangi ya njano njano, watu wengi wanayadhania usaha.

Namna ya kumsafisha: usikwangue. Loweka gozi kwenye maji ya uvuguvugu (pima kwa upande wa ndani wa kiganja, usisikie kuungua), weka juu ya kope bila kukandamiza dakika tatu hadi tano mpaka gamba lilainike, halafu futa kutoka kona ya ndani kwenda nje, mara moja, tupa. Kipande kipya kwa kila mfuto, na jicho la pili lisiguswe na gozi la jicho la kwanza. Tumia gozi, pamba inaacha nyuzinyuzi zinazonasa kwenye mishono na kuingia jichoni.

#4 Sindano_Ndefu
#3 maelezo ya kusafisha ni mazuri, nayaunga mkono. Neno "kawaida" ndilo silikubali. Uvimbe wa upasuaji wa kope unapanda siku ya kwanza na ya pili, unakaa kidogo, kisha kuanzia siku ya nne unatakiwa uwe unashuka. Asubuhi ya siku ya sita inatakiwa iwe nafuu kuliko asubuhi ya siku ya nne. Kama zinafanana, kuna kitu.

Mleta uzi, jibu haya:
Jicho lipi limezidi, au yako sawa?
Kabla ya kupasuliwa aliwekewa rangi ya kijani (fluoresini) kuangalia kidonda kwenye kioo?
Ncha ya pua ukilinganisha na ukingo wa koni, ipi imetangulia?
Analala wapi, na juu ya nini?
Kwenye mwanga analiacha wazi au analifumba?

Na kitu kimoja usisubiri hata kunijibu: chukua ile tyubu ya usiku usome karatasi yake. Ukiona deksamethasoni, betamethasoni, haidrokotisoni au prednisoloni, usiweke tena mpaka jicho lipimwe rangi. Kukiwa na kidonda kwenye kioo, dawa za jamii hiyo (steroidi) zinazuia kidonda kufunga na kioo kinaweza kulika mpaka kikatoboka. Madukani zinauzwa tyubu zinazofanana kama mapacha, moja ina steroidi na nyingine haina.

#5 Mwanjelwa_Dawa
Naongezea upande wa duka la dawa. Kama ni neomaisini na polimiksini tupu, bila steroidi, bado kuna mtuhumiwa: neomaisini yenyewe. Ni miongoni mwa antibayotiki za kupaka zinazoongoza kwa mzio wa ngozi. Dalili zake ni kope kuwa nyekundu, kuvimba, kuwasha, na inaanza baada ya siku kadhaa za kutumia, si siku ya kwanza. Soma tena #1: imeanza siku ya tatu, dawa inawekwa usiku, uvimbe unaonekana asubuhi, jioni umeisha kwa sababu dawa imeshatoka. Mimi naona inakaa mahali pake yote.

Mbadala ni mafuta ya tetrasaiklini asilimia 1, yapo kila duka. Lakini mpigie aliyempasua kwanza, usibadilishe kwa maneno ya mtandaoni.

Kloramfenikoli ya matone inatunzwa friji, nyuzi 2 hadi 8. Najua mtasema baridi ya Uyole mwezi wa saba inatosha. Dirishani usiku inashuka, saa sita mchana jua linapiga kioo cha dirisha na chupa inapata joto. Iweke kwenye mlango wa friji, itoe ikae mkononi dakika mbili kabla ya kumwekea, maana tone la baridi kali linamfanya afumbe na dawa inamwagika. Ikifunguliwa, mwisho siku 28, hata kama imebaki nusu. Osha mikono baada ya kuweka, dawa hiyo si ya kuchezea kwenye ngozi yako.

#6 Fundi_Ndoo
Nyote mnaangalia dawa, mimi nimeangalia picha ya pili. Hiyo koni imeishia sawasawa na pua. Kwa jicho haitoshi. Koni ya kidonda cha tumboni inaweza kuishia puani, ya jicho inatakiwa ipite pua kwa vidole vitatu. Mbwa mwenye koni fupi hatumii mguu kujikuna, anaenda ukutani au kwenye mguu wa kitanda, anaingiza kona ya ukuta ndani ya koni na kusugua jicho taratibu. Mchana mnamwona, hafanyi. Usiku hakuna anayemwona.

Dume la kilo 48 koni za dukani mara nyingi hazimtoshi. Ndoo ya plastiki ya lita 20, ile nyeupe inayopitisha mwanga. Toa mpini wa waya. Kitako kata duara la kupita kichwa, pembeni acha ukingo wa vidole viwili, toboa matundu manane kwa msumari wa moto, pitisha bendeji ya gozi na ufunge kwenye mkanda wake wa shingoni. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo. Makali yote yavishe tyubu ya baiskeli iliyopasuliwa kwa urefu, ishike na plasta. Ndoo ya bluu au nyekundu usitumie, anakuwa kama yuko kwenye pipa, anagonga kila kitu na nyuzi zinapata mtikisiko.

Kula: bakuli jembamba kuliko mdomo wa ndoo, liinue juu ya tofali. Usimvue koni "ale kwanza". Jicho linakunwa ndani ya sekunde tano.

#7 Baridi_ya_Njombe
Moshi. Hakuna aliyetaja moshi. Nyanda za juu kipindi hiki watu wanafunga madirisha, jiko la mkaa linaingia ndani, na mbwa mgonjwa ameonewa huruma kalazwa jikoni au stoo. Macho yaliyopasuliwa yanakaa kwenye moshi kwa muda wa saa nane. Ukitoa mbwa nje asubuhi, hewa inamsafisha mpaka jioni yuko vizuri.

Na tafadhali, mkaa usiwekwe kwenye chumba kilichofungwa ili kumpa mbwa joto, hata usiku wa kwanza anapotoka kwenye ganzi akitetemeka. Hewa ya mkaa inaua bila harufu, anakufa yeye na mlinzi aliyelala pembeni. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, blanketi juu ya gunia, basi.

#8 Kijana_wa_Uyole
Asanteni. Majibu kwa #4: jicho la kushoto limezidi, la kulia linavimba kidogo tu. Rangi aliwekewa kabla, kushoto kulikuwa na kidonda kidogo kwenye kioo, kulia safi. Pua na koni ziko sawa kama Fundi alivyoona. Analala stoo iliyopakana na jiko, chini kuna maranda. Kwenye jua analifumba la kushoto nusu. Tyubu nimesoma, haina steroidi.

#9 Nyuki_Mkali
Stoo, jiko, maranda, koni fupi, neomaisini. Mkuu umempa kila mtu humu ushahidi wake. Hii kesi haitaisha.

#10 Bibi_Parachichi
Ugonile wanangu. Kama kushoto ndiko kumezidi, moshi na mzio vinapungua nguvu. Moshi hauchagui jicho, na tyubu inawekwa macho yote. Muulize mbwa analalia upande gani. Akilala na shavu la kushoto chini usiku kucha, maji ya uvimbe yanashuka kule, anaamka nusu ya uso imetuna. Akisimama na kutembea yanatawanyika. Kuna wakati hakuna ugonjwa wowote, ni upande wa kulalia. Kunja blanketi liwe kama mto, kichwa kiwe juu kidogo ya kifua.

Maranda toa. Vumbi lake ni laini, linanata kwenye mafuta ya tyubu. Weka gunia safi au shuka la zamani ulilochemsha.

#11 Mwanjelwa_Dawa
Shikamoo bibi. Kuhusu mzio, naomba nipinge kidogo: jicho ambalo tayari lina kidonda linaonyesha mzio zaidi kuliko lililo zima. Pande mbili kutolingana hakuondoi neomaisini kwenye orodha.

#12 Bibi_Parachichi
Marahaba. Sijaiondoa, nimeipunguza cheo.

#13 Mnyalu_Kihesa
Nauliza: kusafisha kwa maji ya chumvi vipi? Wengine wanasema ndiyo tiba kamili.

#14 Mfugaji_Tosamaganga
Chumvi ya kupima kwa macho ndiyo inayoharibu. Inayofaa ni gramu 9 kwa lita moja, na kijiko cha chai cha jikoni kinatofautiana nyumba hadi nyumba. Ikizidi inachoma, mbwa anafumba kwa nguvu, kope inajikunja tena ndani kwenye mshono mbichi. Nunua chupa ya dripu ya normal saline ya asilimia 0.9, mililita 500. Chota kwa bomba la sindano kupitia kizibo cha mpira kiasi cha siku hiyo, usifungue kizibo. Soma chupa vizuri, ya dekstrozi inafanana nayo na ina sukari, ukimwagia jichoni unaita nzi na sisimizi.

Asali, maziwa, maji ya majani, tumbaku: hapana kwa vyote, jicho lina mshono.

#15 Sindano_Ndefu
Majibu ya #8 yamebadilisha mambo. Kidonda kwenye kioo upande wa kushoto, na anafumba kwenye jua. Hapo mimi naweka mbili juu ya zilizotajwa.

Ya kwanza, ncha ya uzi. Nyuzi za kope zinashonwa karibu sana na ukingo, milimita mbili au tatu, na ncha zikiachwa ndefu uvimbe ukipungua zinageuka kuelekea jichoni. Mchana akiwa macho wazi ncha inaweza kuwa pembeni. Akifumba kulala, inalalia kioo. Kila ndoto anayoota inakwangua. Piga picha ya karibu sana ya kona ya ndani na ya nje, mwanga utoke pembeni, usitumie mmweko wa simu usoni kwake.

Ya pili, kope kurudi ndani. Jicho likiuma, misuli ya kope inakaza na kujikunja zaidi kuliko maumbile yake. Dawa ya maumivu imeisha jana, kwa hiyo angalia leo na kesho kama hali inazidi. Ila hii haielezi siku ya tatu, naikiri.

#16 Kimondo_Mbozi
Basi ampe diklofenaki ya binadamu siku mbili, kwisha. Au meloksikamu kidonge kimoja cha 7.5.

#17 Sindano_Ndefu
#16 diklofenaki na ibuprofeni kwa mbwa ni vidonda vya tumbo na figo kufa, hata kwa dozi inayoonekana ndogo. Parasetamoli nayo usimpe kienyeji. Meloksikamu ni dawa ya mbwa kweli, lakini hesabu yake ni miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku. Kwa kilo 48, hiyo ya kila siku ni miligramu 4.8. Kidonge kizima cha 7.5 kinazidi kwa zaidi ya nusu ya dozi, nusu kidonge ni 3.75, pungufu. Na ameshatumia dawa ya maumivu siku tano, ambayo hatujui ni ipi. Ukichanganya mbili za jamii hiyo, au moja na prednisoloni, utumbo unatoboka. Akitapika, akiharisha nyeusi kama lami, au akikataa chakula, kila kitu cha maumivu kinasimama. Aulize aliyempasua kama aongezewe siku, aongezewe ileile.

#18 Kimondo_Mbozi
Sawa daktari, nimerudisha kidonge dukani.

#19 Mnyalu_Kihesa
Swali la vitendo kuliko yote: unamwekeaje matone Boerboel wa kilo 48 mara nne kwa siku, asikutafune?

#20 Mfugaji_Tosamaganga
Hapa ndipo wengi wanaharibu kazi ya mpasuaji, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Usimfuate kutoka mbele ukiwa umeshika chupa juu ya uso wake, mbwa wa ulinzi anaona kama unamshambulia. Mrudishe kinyumenyume kwenye kona ili makalio yagonge ukuta, akae chini. Wewe simama nyuma au pembeni ya bega lake, mguu mmoja kila upande, usimkalie. Mkono wa kushoto unashika taya la chini ukiingia ndani ya koni kwa chini, inua pua mpaka itazame dari. Mkono wa kulia wenye chupa unatokea nyuma ya kichwa, sehemu ya chini ya kiganja unaiegemeza juu ya paji lake. Akitikisa kichwa, mkono unaenda naye na ncha ya chupa haichomi jicho.

Kwa kuwa mshono uko kope la chini, usivute kope la chini. Inua la juu kwa kidole gumba. Dondosha tone moja kutoka juu, sentimita moja au mbili, ncha isiguse kope wala manyoya, ikigusa chupa nzima imechafuka. Tone moja linatosha, jicho halina nafasi ya la pili, linamwagika shavuni na kuunguza ngozi. Mwache afumbe mwenyewe, usisugue.

Dawa mbili za matone, acha dakika tano katikati. Matone kwanza, mafuta ya tyubu mwisho, kwani mafuta yakitangulia matone yanateleza juu yake. Mafuta ni urefu wa punje ya mchele. Watu wanabandika kama dawa ya meno, halafu asubuhi wanaandika uzi kuhusu tongotongo la njano.

Mpe kipande cha nyama papo hapo, kila mara. Siku ya tatu anakuja kona mwenyewe.

Akikuonyesha meno, usishindane. Mfunge mdomo kwa bendeji: kitanzi juu ya pua, fundo chini ya taya, kamba nyuma ya masikio. Asikae nacho zaidi ya dakika chache, mbwa anapoa kwa kuhema.

#21 Nyuki_Mkali
Hiyo ya dawa ya meno nimemwona mleta uzi akiipita kimyakimya.

#22 Kijana_wa_Uyole
Nimeisoma 😂 Nauliza jingine: mchana tunamfunga mnyororo, usiku tunamwachia alinde. Sasa hivi tumemzuia stoo. Anaweza kurudi lini getini? Anabweka sana akisikia bodaboda.

#23 Baridi_ya_Njombe
Mnyororo wa shingoni acha kabisa. Akivuta, damu ya kichwani inazuiwa kushuka, presha ya jicho inapanda na mshono unafumuka. Tumia mkanda wa kifuani. Na kubweka vilevile, kila akibweka presha inapanda.

#24 Sindano_Ndefu
Mkanda wa kifuani nakubali. Sababu irekebishwe. Suala la presha ya ndani ni la lazima kwa aliyefunguliwa jicho lenyewe: mtoto wa jicho, kioo kilichotoboka na kushonwa, au upasuaji wa presha ya jicho. Huyu kakatwa ngozi ya kope. Kubweka hakumfumui. Sababu ya kumzuia getini ni vumbi la barabara, kukurupuka akagonga koni kwenye nguzo, na mapigano ya usiku na mbwa wa jirani. Nyuzi zinatoka siku ya 10 hadi 14, mpe siku chache juu yake koni ikiwa bado shingoni, ndipo arudi kazini. Kidonda kinachopona kinawasha sana siku nyuzi zinapotoka, hapo ndipo anajikuna mpaka damu.

Akitazama baada ya hapo utaona kope imeshuka kidogo, wekundu wa ndani unaonekana. Usipige kelele kwamba wamekata sana. Kovu linavyokaza linarudi mahali pake, mwonekano wa mwisho uhukumu baada ya wiki nne hadi sita.

#25 Kimondo_Mbozi
Kuna mbwa koko wa jirani aliondolewa jicho zima juzi, anatoka maji ya damu puani upande uleule. Wanasema amepigwa na damu ya ubongo.

#26 Sindano_Ndefu
Si ubongo. Kuna mfereji wa machozi kutoka kona ya jicho hadi puani. Jicho likitolewa, damu iliyobaki kwenye shimo inapitia humo. Matone mepesi ya rangi ya waridi siku tatu, nne, hayana shida. Damu nyekundu inayodondoka mfululizo, au kope zilizoshonwa zikijaa kama zina limao ndani, arudishwe. Barafu iliyofungwa kitambaa, dakika tano hadi kumi, mara tatu au nne kwa siku, ni ya saa 48 za kwanza. Huyo wasimkaribie kwa upande usioona bila kumsemesha, atauma kwa kushtuka.

#27 Bibi_Parachichi
Na walio na ng'ombe wa maziwa nyumbani, nzi. Hata huku kwenye baridi nzi wa banda la ng'ombe wapo, na kidonda chenye unyevu wanakitagia mayai. Pigilia chandarua kwenye mlango wa stoo, kikaze kama wavu wa dirisha. Usikininginize juu ya mbwa, koni itakinasa na atakurupuka. Wala msimnyunyizie dawa ya kupe ya ng'ombe kipindi hiki, sipamethrini na amitrazi zikiingia jichoni ni balaa jingine. Kupe atoeni kwa mkono.

#28 Kijana_wa_Uyole
Mrejesho. Jana jioni: maranda nimetoa, nimemhamishia baraza la nyuma lisilo na moshi, ndoo ya lita 20 imepita pua vidole vitatu, kichwa kimeinuliwa kwa blanketi. Kwa simu aliyempasua kasema niache tyubu ya usiku, niendelee na matone. Asubuhi hii kulia hakuna uvimbe kabisa. Kushoto umepungua kama nusu, tongotongo lipo, bado anafumba kwenye mwanga. Picha ya karibu hiyo hapo.

#29 Fundi_Ndoo
Ndoo imefanya kazi. Nilisema.

#30 Mwanjelwa_Dawa
Ndoo? Tyubu ndiyo imeondoka, mzee.

#31 Baridi_ya_Njombe
Na moshi umeondoka, msisahau.

#32 Sindano_Ndefu
Mkuu umebadilisha vitu vitano usiku mmoja, sasa hakuna anayeweza kujua kipi kilikuwa kipi, na hawa wataendelea kujisifu mpaka mwaka mpya. Kwa mbwa umefanya vizuri.

Picha: uzi wa pili kutoka kona ya ndani, jicho la kushoto, ncha yake naiona imelala juu ya ukingo wa kope. Inaweza kuwa inagusa kioo, inaweza kuwa ni unywele, picha haisemi. Usiukate mwenyewe, mkasi karibu na jicho la mbwa aliye macho ni hatari kuliko uzi.

#33 Mfugaji_Tosamaganga
Mimi naona unywele.

#34 Bibi_Parachichi
Au kope la kushoto lilikuwa limejikunja zaidi tangu mwanzo na limekatwa pungufu. Muulizeni aliyeshona alikata upana sawa pande zote mbili.

#35 Mnyalu_Kihesa
Au machozi. Antibayotiki za jamii ya salfa zinakausha machozi kwa mbwa, na tongotongo zito la kunata asubuhi ndiyo alama ya jicho kavu. Vidonge anavyokunywa ni vya aina gani? Kipimo chake ni kikaratasi kinachowekwa ndani ya kope dakika moja, kikilowa milimita 15 au zaidi yuko sawa, chini ya 10 ana tatizo.

#36 Nyuki_Mkali
Karibu tena mwanzo wa uzi.

#37 Kijana_wa_Uyole
Vidonge ni amoksilini yenye klavulaniki, si salfa. Kesho saa mbili asubuhi tunampeleka akapimwe rangi upya na huo uzi uangaliwe. Niende na nini?

#38 Sindano_Ndefu
Nenda na dawa zote kwenye mfuko, pamoja na ile tyubu na makaratasi yake. Asubuhi usimsafishe wala usimwekee tone, aje na tongotongo lake kama lilivyo. Kama ataamua kuchukua sampuli ya usaha, inachukuliwa kabla ya rangi na kabla ya dawa, na akitaka ioteshwe maabara, TVLA (wakala wa maabara ya mifugo) wana kituo Iringa. Asile kuanzia usiku, maji anywe, maana huenda akahitaji kulazwa usingizi kidogo ili uzi utolewe. Kwenye gari akae na ndoo yake, kioo kifungwe, asitoe kichwa nje. Likionekana jicho limegeuka bluu au jeupe ghafla, au kidoti cheusi kinachochomoza katikati ya kioo, usingoje saa mbili, amsha mtu usiku huohuo. Kioo kikitoboka, hapo ni safari ya hospitali ya wanyama ya SUA (chuo kikuu cha kilimo) Morogoro, na mlima Kitonga haushukiki haraka.

#39 Fundi_Ndoo
Ndoo isibaki kwa daktari. Wanazipenda.